Buti Lililogeuzwa Spika: Historia ya Ubao Usio na Ukomo katika Magari

Historia ya muziki wa ndani ya gari huandikwa zaidi kama historia ya vitu vinavyonunuliwa dukani, yaani redio, kanda, CD, amplifaya na maboksi ya spika. Chini yake ipo historia nyingine isiyosimuliwa sana, inayohusu umbo la gari lenyewe, kwa sababu kwa miongo kadhaa spika kubwa za nyuma katika magari ya Marekani hazikuwa na boksi lolote. Zilifungwa kwenye tundu lililokatwa katika rafu iliyo chini ya kioo cha nyuma, au katika ukuta ulio nyuma ya kiti cha abiria, na buti zima likafanya kazi ya boksi. Mtindo huo hujulikana kama ubao usio na ukomo, na ulianza kwa bahati zaidi kuliko kwa mpango, ukapata nadharia yake baadaye, kisha ukasukumwa kando na biashara na mabadiliko ya maumbo ya magari.

Kanuni yenyewe si ngumu kueleza. Spika ni koni ya karatasi au plastiki inayosukumwa mbele na nyuma na koili iliyomo ndani ya sumaku. Koni inapokwenda mbele, hewa iliyo mbele yake hubanwa, na papo hapo hewa iliyo nyuma yake hulegea, kwa hiyo kila spika hutoa sauti mbili zilizo kinyume. Kwa sauti nyembamba jambo hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi na hayazunguki kirahisi, lakini sauti nzito ya hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu meta 8.6, na wimbi refu kiasi hicho huzunguka ukingo wa spika bila shida na kukutana na kinyume chake, hewa iliyobanwa mbele ikakimbilia pengo la nyuma, na besi ikafa kabla haijamfikia msikilizaji. Dawa yake ni kizuizi kati ya pande hizo mbili. Kizuizi ambacho sauti ya nyuma haiwezi kukizunguka hata kidogo ndicho ubao usio na ukomo, na mfano wake kamili ni ukuta wa nyumba: spika ikifungwa katika tundu la ukuta, uso wake ukitazama sebuleni na mgongo wake ukitazama stoo, sauti hizo mbili hazitakutana kamwe.

Wazo hilo ni la zamani karibu sawa na spika ya kisasa. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha maelezo ya spika isiyo na pembe, yenye koni ndogo inayosukumwa na koili, na mwaka uliofuata spika ya namna hiyo iliingia sokoni kwa jina la Radiola 104. Katika majaribio yao suala la kutenganisha mbele na nyuma ya koni lilikuwa la msingi, na kwa miaka 30 iliyofuata wapenzi wa muziki wa majumbani waliokuwa na nafasi walitoboa kuta na milango ya makabati ili wapate besi ambayo kisanduku cha kawaida hakikuweza kuitoa. Kilichovunja desturi hiyo ni kazi ya Edgar Villchur, ambaye mwaka 1954, pamoja na Henry Kloss, alianzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, na kutengeneza spika ya AR-1, iliyokuwa na koni yenye ukingo laini mno ndani ya boksi dogo lililozibwa kabisa, hewa iliyomo ndani ikawa ndiyo springi ya kuirudisha koni mahali pake. Tangu hapo, nyumbani, ukuta uliotobolewa ulibaki kuwa shughuli ya wachache. Katika gari mambo yalikwenda kinyume, na sababu yake ni ya kihistoria zaidi kuliko ya kisayansi.

Redio ya kwanza ya gari iliyouzwa kwa mafanikio nchini Marekani ni ile ya Paul Galvin, ambayo aliipeleka mwaka 1930 kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio mjini Atlantic City ikiwa imefungwa ndani ya gari lake aina ya Studebaker, na jina lake la biashara, Motorola, baadaye likawa jina la kampuni nzima. Redio hizo za mwanzo zilikuwa na spika moja tu, nayo ilitosha kwa taarifa za habari na muziki wa dansi. Mahitaji yalipoongezeka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watengenezaji wa magari walitafuta mahali pa kuweka spika ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma, na mahali palipokuwa wazi ni rafu ya chini ya kioo cha nyuma. Gari la Marekani la wakati huo lilikuwa na sehemu tatu zilizotengana waziwazi, injini mbele, abiria katikati na buti refu nyuma, na rafu hiyo ilikuwa imefunika sehemu ya juu ya buti. Aliyekata tundu pale alitaka tu mahali pa kukalisha spika, na kwa kufanya hivyo akawa ametenganisha mbele na nyuma ya koni kwa bati, kiti na mamia ya lita za hewa, bila kuchora hesabu yoyote.

Umbo la spika nalo lilifuata rafu. Kwa kuwa rafu ni ndefu lakini nyembamba, koni ya duara ya kipenyo kikubwa haikuweza kuenea, na hivyo spika ya yai yenye inchi 6 kwa 9 ikawa kipimo cha kawaida ambacho hadi leo mafundi wa nchi nyingi hukitaja kwa tarakimu zake tu. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Jensen iliuza kwa wingi spika za kipimo hicho zilizobeba twita, yaani spika ndogo za sauti nyembamba, juu ya koni kubwa. Kampuni hiyo ilibeba jina la Peter Jensen, yule yule ambaye mwaka 1915, akiwa na Edwin Pridham mjini Napa, California, alitengeneza spika ya pembe iliyoitwa Magnavox. Wakati huohuo kanda zilikuwa zimeingia ndani ya gari, kwanza zile za njia nane ambazo Ford ilizifunga katika magari yake ya mwaka 1966, kisha kaseti ndogo ya Philips, na dereva aliyekuwa akisikiliza kituo cha redio kilichochaguliwa na mwingine akaanza kuchagua muziki wake mwenyewe na kudai sauti bora zaidi.

Nadharia ilikuja kutoka mbali. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba tabia ya spika ndani ya boksi inaweza kutabiriwa kwa vipimo vichache, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small, akiwa Chuo Kikuu cha Sydney, aliikamilisha kazi hiyo hata ikawa kanuni inayotumiwa na dunia nzima. Vipimo vitatu vinahusu ubao usio na ukomo moja kwa moja. Cha kwanza ni marudio asilia, yaani idadi ya mitikisiko ambayo koni huipenda yenyewe ikiachwa huru. Cha pili ni jumla ya breki inayoizuia koni isiendelee kuyumba, ambayo huandikwa Qts, na spika inayofaa kufungwa bila boksi huwa na Qts ya karibu 0.6 au 0.7, kwa sababu haina hewa ya boksi ya kuisaidia na lazima ijitosheleze. Cha tatu ni kiasi cha hewa chenye ulaini sawa na ule wa ukingo wa koni, kinachoandikwa Vas na kupimwa kwa lita.

Hesabu ya kipimo hicho cha tatu ndiyo inayoonyesha thamani ya buti. Spika ya inchi 12 yenye Vas ya lita 100 na marudio asilia ya hezi 30, ikifungwa katika boksi la lita 25, hupandishwa na ugumu wa hewa hiyo hadi karibu hezi 67, na chini ya hapo sauti yake hushuka upesi. Spika hiyohiyo ikifungiwa mbele ya buti la lita 400 hupanda kwa takriban asilimia 12 tu na kubaki karibu na hezi 33. Hii ndiyo maana ya kuuita ubao huo usio na ukomo ingawa buti lina ukomo unaoonekana kwa macho: hewa yake ni nyingi kiasi kwamba koni haiihisi. Wakosoaji waliosema kwamba jina hilo ni la kujikweza walikuwa na haki kwa mizani ya lugha, lakini hesabu imewapa mafundi wa magari haki kubwa zaidi.

Gari lina zawadi nyingine ambayo sebule haina. Wimbi la sauti likiwa refu mno kuliko chumba, chumba hakibebi tena wimbi bali hubanwa na kulegezwa chote kwa pamoja, na kadiri marudio yanavyoshuka ndivyo mbano huo unavyoongezeka nguvu ukilinganishwa na ambavyo spika ingesikika mahali pa wazi. Katika gari dogo lenye chumba cha urefu wa karibu meta 2.5 hali hiyo huanza kati ya hezi 60 na 70, na kinadharia huongeza sauti kwa desibeli 12 kila marudio yanapopungua kwa nusu. Spika isiyo na boksi, chini ya marudio yake asilia, hupoteza desibeli 12 hizohizo kwa kila nusu. Kupanda kwa upande mmoja na kushuka kwa upande mwingine hufutana, na besi huendelea karibu sawa hadi chini kabisa ya kiwango cha usikivu wa binadamu. Nguvu inayohitajika si kubwa ajabu. Koni ya inchi 12 ikisogea sentimeta 1 kutoka mahali pake huhamisha karibu nusu lita ya hewa, na kiasi hicho, kikisukumwa ndani ya chumba cha abiria cha lita 3,000 kilichozibwa barabara, kwa hesabu ya karatasi hutoa karibu desibeli 118. Magari hayakuzibwa barabara, milango huvuja na bati hupinda, kwa hiyo nambari halisi ni ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo hesabu hiyo inaeleza kwa nini amplifaya ya kawaida ilitosha kumfanya abiria ahisi besi kifuani.

Kazi ya ufungaji ilidai uvumilivu kuliko ilivyodai fedha. Kiti cha nyuma kilitolewa, na nyuma yake mara nyingi kilikutwa si ukuta bali fremu ya chuma yenye mianya mikubwa, ambayo ilizibwa kwa mbao za MDF, yaani mbao za unga wa mti uliogandamizwa kwa gundi, zenye unene wa milimeta 18 au 19, zilizokatwa kwa kufuata mchoro wa karatasi ngumu uliopimwa ndani ya gari lenyewe. Tundu la spika lilikatwa kwa msumeno wa umeme, ukingo wake ukawekewa gasketi ya sponji, na kila upenyo, hata ule wa waya wa taa ya breki, ukajazwa silikoni, kwa kuwa mwanya mdogo unaounganisha buti na chumba cha abiria huirudishia hewa njia ileile ya mkato ambayo ubao uliwekwa kuiziba. Kipimo cha mwisho hakikuhitaji chombo cha maabara: taa yenye mwanga mkali iliwekwa ndani ya buti usiku, buti likafungwa, na fundi akaketi ndani ya gari gizani akitafuta nuru inayopenya, kisha akaweka alama ya chaki kila ilipoonekana. Mahali penye spika mbili, betri ndogo ya volti 1.5 iliguswa kwenye waya wa kila moja ili kuhakikisha kwamba koni zote zinatoka nje kwa pamoja, maana zikifungwa kinyume moja huivuta hewa ambayo nyingine inaisukuma, na mwenye gari hulalamika kwamba sabufa zake mpya, yaani spika za besi, hazisikiki.

Baada ya hapo zilianza kelele za bati. Rafu ya nyuma, kifuniko cha buti, kibao cha namba na springi za mfuniko vyote hutikisika koni inapofanya kazi, na fundi aliyeziba hewa vizuri ndiye aliyesikia kelele hizo zaidi, kwa kuwa besi yake ilikuwa na nguvu. Karatasi nzito za mpira na lami zilibandikwa kwenye bati ili kuliongezea uzito na kulinyamazisha. Udhaifu mwingine haukuwa na dawa ya gundi. Spika iliyomo ndani ya boksi dogo huzuiwa na springi ya hewa isiruke kupita kiasi, ilhali spika ya ubao usio na ukomo hutegemea ukingo wake peke yake, na dereva anayeongeza sauti bila kiasi huigongesha koili kwenye sumaku hadi ikaharibika.

Udhaifu huo ulionekana wazi katika miaka ya 1980. CD ziliingia sokoni mwaka 1982, na vyombo vya kuzicheza ndani ya gari vikafuata mwaka 1984, vikiwa na uwezo wa kutoa sauti nzito safi kuliko kanda. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotengenezwa kati ya 1980 na 1983, ilikuwa na mdundo mzito wa karibu hezi 50 uliorefushwa kwa makusudi katika rekodi za hip-hop na katika muziki wa besi wa Miami. Na kampuni kama Rockford Fosgate ya Arizona zilikuwa zikiuza amplifaya zenye nguvu ambazo miaka 15 nyuma zisingefikiriwa kuingia ndani ya gari. Vijana walitaka kusikika barabarani. Katika miaka ya 1990 kukawa na mashindano ambayo kipimo chake kilikuwa desibeli tu, na kwa kipimo hicho boksi lenye bomba la kupitisha hewa, ambalo huiongeza sauti kwa nguvu karibu na marudio fulani, lilishinda bila shaka. Ubao usio na ukomo ulibaki na sifa ya wale waliotaka besi inayoshuka chini na kutoweka kwa wakati, sifa ambayo mashine ya kupima kelele haikuiona.

Hata hivyo, mashindano peke yake hayatoshi kueleza kuanguka kwa mtindo huo. Boksi ni bidhaa: hutengenezwa kiwandani, hupakiwa, huwekewa nembo na kuwekwa dirishani, na mnunuzi akiuza gari huondoka nalo. Tundu haliuziki. Duka lililoishi kwa kuuza vifaa halikuwa na sababu ya kumshauri mteja atumie hewa aliyokwisha kuilipia aliponunua gari, wala halikupenda kazi ya siku nzima ya kuziba mianya ambayo faida yake ilikuwa ujira mtupu. Watengenezaji wa spika nao, badala ya koni zinazojitosheleza, walitengeneza koni nzito zinazoruka mbali na kuridhika na lita chache za hewa, na kufikia mwisho wa karne spika zilizoandikiwa kwamba zinaweza kufungwa bila boksi zilikuwa zimepungua sana madukani.

Pikapu zilikuwa na tatizo lao tangu mwanzo, kwa sababu hazina buti. Nyuma ya kiti cha pikapu ya zamani kuna nafasi ya sentimeta chache tu, kisha ukuta wa bati, kisha sehemu ya mizigo iliyo wazi, na si ajabu kwamba boksi la kuuzwa tayari kwa magari ya aina hiyo lilitoka Stillwater, Oklahoma, katika eneo la wakulima na wachimba mafuta, ambako kampuni ya Steve Irby, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa kutengeneza spika za wanamuziki, ilianza mwaka 1980 kuuza boksi lililoitwa Kicker. Waliokataa boksi waliukata ukuta wa nyuma wa kichwa cha pikapu na kufunga spika ielekee ndani, mgongo wake ukiwa nje, upande wa sehemu ya mizigo. Kisayansi huo ndio ubao usio na ukomo ulio kamili kuliko wowote, kwa kuwa upande wa pili ni anga lote, lakini mvua na vumbi huila koni, na tundu lisilozibwa vizuri linaweza kuingiza moshi wa ekzosi wenye sumu mahali anapokaa dereva. Malori makubwa ya safari ndefu yalikuwa na bahati zaidi, kwani chini ya kitanda cha dereva kuna sehemu pana ya kuwekea mizigo, na ubao wa kitanda ukiimarishwa unaweza kubeba spika bila kuligusa bati.

Afrika Mashariki iliupokea mtindo huu kwa nusu. Spika za inchi 6 kwa 9 kwenye rafu ya nyuma zilienea pamoja na magari ya Kijapani yenye buti yaliyoingizwa yakiwa yametumika, ingawa nyingi zilikalishwa juu ya ubao uliotoboka huku na huku. Matatu za Nairobi, ambazo umaarufu wake hutegemea muziki, ni mabasi yasiyo na buti, na kwa hiyo sabufa zake hukaa katika maboksi.

Jambo lililokaribia kuuzika mtindo huo Marekani na Ulaya pia ni umbo: magari yenye mlango wa nyuma unaofunguka hadi kwenye kiti, ambayo yaliongezeka tangu miaka ya 1970, hayana ukuta kati ya abiria na mizigo, na pasipo ukuta hakuna ubao. Viwanda vilivyotaka kuuza muziki pamoja na gari vilianza kwa kufuata boksi. General Motors na Bose, katika baadhi ya magari ya mwaka 1983, waliipa kila spika kasha lake na amplifaya yake, zikiwa zimepangwa kwa kupima chumba cha kila aina ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata hivyo, BMW iliweka spika za besi za 7 Series chini ya viti vya mbele na kutumia hewa iliyomo ndani ya kingo za sakafu ya bodi. Mwaka 2012 Mercedes-Benz ilifanya hivyo katika gari la SL kwa kutumia mianya ya muundo wa alumini iliyo mbele ya miguu ya abiria. Volvo XC90 iliyozinduliwa mwaka 2014, ikiwa na spika 19 za Bowers & Wilkins na amplifaya ya wati 1,400, ilikwenda hatua moja mbele, kwa kuwa sabufa yake imejengwa ndani ya bodi na hupumua hewa badala ya kufungiwa katika boksi lake. Tofauti na tundu la msumeno wa umeme, nafasi ya sabufa hiyo iliamuliwa kwenye michoro kabla bati halijakunjwa, na mwenye gari anayetaka kuibadilisha hana ubao wa kung'oa wala kipimo cha kawaida cha kununulia nyingine.